Kitabu Kilichongoja Moto wa Ijumaa

Mwaka 2017 kanisa letu la wakimbizi mtaani Yeoville, huku kusini kabisa mwa Afrika, lilikuwa na desturi: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi waumini walileta vitu vya giza, hirizi, mikufu, nguo walizopewa na wapenzi wa zamani, vikachomwa kwenye pipa nyuma ya ukumbi. Sikuwa na neno. Hirizi si zangu, petroli si yangu.

Mpaka walipochukua kitabu cha binti yangu.

Kilikuwa hadithi ya watu weusi wanaosafiri kwenye nyota, kimeandikwa na mwanamke mweusi wa Marekani, sasa marehemu. Binti yangu alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Lakini Jumamosi, nikisuka wateja saluni, alikaa kwenye benchi akinisimulia kitabu kile kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Nilimuuliza kama huko juu nako watu wanaombwa makaratasi ya ukimbizi.

"Eish, mama. Hata huko."

Alinieleza na habari za mwandishi: mama yake alifanya usafi kwa matajiri, akiingia kwa mlango wa nyuma, yeye mwenyewe aliamka kabla ya jua aandike, kisha akakimbilia kibarua. Mimi nimefagia nyumba za watu mji huu. Mlango huo naujua. Kwenye jalada la nyuma palikuwa na picha yake, mwanamke mweusi asiyetabasamu ili kumpendeza mtu. Binti yangu aliitazama picha ile zaidi kuliko alivyojitazama kwenye vioo vyangu.

Mwalimu wa vijana kanisani alikiona kitabu, akakipeleka kwa mama mchungaji. Alhamisi, mama mchungaji akaja kusukwa, awe nadhifu kwa ibada ya moto ya kesho yake. Nilisuka upande wa kushoto wote, kisha nikaweka kitana chini.

"Mama, kitabu cha mtoto."

"Ile kitabu iko na mapepo, mama. Itamuharibu mutoto."

"Umekisoma?"

"Mapepo haisomwake!"

"Basi hayo mapepo yakusuke upande wa kulia."

Akacheka. Sikucheka. Tukapatana: kitabu kizima kwa kichwa kizima. Akampigia mumewe simu.

Mchungaji alikileta kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka haraka. Nilihesabu kurasa, nikahesabu tena. Zote zilikuwepo. Jalada la nyuma halikuwepo.

"Ni picha tu," mama mchungaji akasema. "Tulianza kuchoma na ile, hatukungoja Ijumaa. Macho yake ilikuwa inatuangalia."

Binti yangu, aliyekuwa ametoka shule, alikipokea, akakigeuza, akakigeuza tena. "Sasa mtu akikiokota," akasema, "atadhani mzungu ndiye ameandika."

Kitana nilikiacha pale pale chini. Mtu aambiwe watu wa rangi yake hawaandiki habari za nyota, aandike hivyo hivyo, afe, halafu wa kumchoma uso tuwe sisi. Sisi! Katika mji ambao wageni kama sisi wamekwisha kuwashiwa moto wakiwa hai, na kanisa hilo hilo likakesha likilia. Tulijifunza nini pale? Kununua petroli?

"Maliza basi, mama," alisema mama mchungaji kwenye kioo. "Ibada ni kesho."

"Tulipatana kitabu kizima."

"Uniache hivi? Nusu?"

"Kitambaa cha kujifunga kichwani ninacho," nikamwambia. "Chagua rangi."