Siku Feni ya Mama Furaha Ilipopaa

Chekeni tu, mimi haya zimeniisha, maana feni ile ilinivua nguo mbele ya mtaa wetu mzima wa Kisugu (sawa, walikuwa watu kama kumi, lakini kwa aibu yangu walikuwa elfu).

Miaka ile wanajeshi walipotawala nilikuwa nafagia karakana ya ndege, na rafiki yangu pekee alikuwa fundi mmoja Mhindi, mzee, ambaye saa ya chai ananieleza propela: ati zamani ilikuwa ubao mmoja tu, mapanga yake hayageuki, ndege inapaa vizuri halafu huko juu injini inahangaika bure kama miguu yako kwa baiskeli ya gia nyepesi kwenye mteremko, mpaka wenye akili wakatengeneza mapanga yanayojipinda yenyewe, ndege ipande isipande injini inazunguka mwendo uleule. Halafu Wahindi wakafukuzwa, fundi akaenda, nikabaki na propela kichwani bila mtu wa kumwambia, na siku hizo ukisalimia mtu anaangalia nyuma kwanza.

Mahali pekee nilipoitwa kwa jina ni kwa Mama Furaha, mjane Mkongo aliyeuza chakula. Jumapili moja akaniuliza kazi yangu. Ningesema nafagia, ningekufa? Nikasema fundi wa propela. Akavuta kiti, akakaa karibu (sikuwa nimekaliwa karibu tangu fundi aende), na mimi kichwa kikavimba, nikaomba plaisi nimwonyeshe kwa feni yake ya mezani.

Nikatoa kile kizimba cha waya kinachofunika mapanga, nikapinda panga moja hivi, lingine vile, kumbe lazima yote yapindwe sawasawa. Kuwasha tu, feni ikatetemeka, ikatembea mezani kama mlevi, ikapaa, walahi ilipaa, waya ukachomoka, ikatua kwa sufuria ya maharage, na maharage yakatua kwa askari aliyekuwa anakula pembeni.

Watu wakatoka kimya, wengine na sahani zao. Askari akajipangusa uso polepole.

"Wewe ndiyo fundi ya ndege? Kesho nakupeleka kwa mkubwa, ndege yake imekufa."

Nikamwangalia Mama Furaha.

"Afande, mimi nafagia tu."

Askari akacheka mpaka akakohoa, akaniacha mzima. Mama Furaha hakucheka. Akanipa ile feni.

"Nenda nayo, baba. Hata mfagiaji ningekaa naye karibu."

Kurudi kwake sikuweza. Feni niliiosha maharage, nikanyoosha mapanga, jioni naieleza propela na yenyewe inageuza shingo kulia, kushoto, kama inakataa. Nimeapa, mtu akiniuliza tena kazi yangu nitasema ufagio kabla hajamaliza swali. Ila hakuna anayeuliza.