Nilivyomkamata baba mkwe kwa Piriton pale Kitai

Wakuu, habari za Jumapili. Mliotoka kanisani na mlioamka sasa hivi, wote nawasalimu.

Kuna kijana juzi kauliza humu, trafiki anamjuaje dereva aliyevuta au kumeza kitu kama hanuki pombe. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia, namkumbuka baba yako. Naye akacheka.

Ngoja niwape kisa cha mzee yule. Hii siyo chai, hata maji sijabandika.

Miaka ya tisini, biashara huria ndiyo imeshika kasi. Mimi mtoto wa Singida, trafiki kijana, nimepangiwa Mbinga.

Mnaoijua Mbinga ile mtanielewa. Baridi ya kukata masikio, ngoro za mahindi, yale mashamba ya mashimo, zimejaa milimani, msimu wa kahawa kila mtu na baiskeli mpya. Wanunuzi binafsi wanaingia, maduka ya dawa yanafunguliwa kila kona, watu wananunua vidonge kama karanga.

Jamani, nilikuwa na raha kule! Mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa inakaangwa nakumbuka kila kitu.

Na mchumba nilikuwa naye. Skola, binti wa Mzee Osmundi. Mzee alikuwa dereva wa lori, anashuka Lituhi ziwani kuchukua samaki na abiria, anapandisha Mbinga. Mtu wa kwaya, pombe hajawahi kuonja. Mshenga wangu alikuwa anajiandaa kwenda kwake.

Basi mchana mmoja niko kwenye kizuizi cha Kitai, naliona lori lake linakuja linayumba. Linakula kushoto, linarudi katikati, tairi linachungulia mtaroni. Juu akina mama na matenga ya samaki aina ya mbasa wanapiga mayowe. Akasimama ameshakipita kizuizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, ulimi mzito.

Enzi hizo kimashine cha kupuliza tulikisikia tu. Kipimo ni pua yako. Nikamwambia apumue, nikanusa. Muhogo wa kuchoma, basi.

Sasa kijana uliyeuliza, kazi inaanzia hapo. Pombe hakuna, lakini mtu hayuko sawa. Unamtazama macho: yamelegea. Unamuuliza anatoka wapi anakwenda wapi: jibu linachelewa. Nikachora mstari vumbini kwa fimbo, akatembea nje yake. Nikamwambia asimame kwa mguu mmoja, akanidaka bega asianguke.

Abiria wakaanza. "Bangi hiyo! Mzee wa kwaya kumbe anavuta!" Wengine wananitukana mimi, eti namwonea mtu mzima.

Jicho langu lilikuwa kwenye mikono yake. Anajikuna! Shingo, viganja, mgongo anausugua kwenye mlango wa lori. Wakuu mliokunywa klorokwini mnaujua muwasho ule, mtu anatamani kujivua ngozi.

"Mzee, una malaria?"

"Ziwa limenipiga, mwanangu. Nimekunywa klorokwini. Na Piriton za kuzuia muwasho. Nikaona hazisaidii, nikaongeza."

Sheria haisemi pombe na bangi tu. Inasema kilevi au dawa, kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Haijali kama umenunua kwa kujificha au umeandikiwa na daktari.

Mwenzangu akanivuta pembeni. "Si mkweo huyo? Mwache alale kidogo, jioni aendelee. Mke unamtaka au humtaki?"

Nilimtaka sana. Lakini nikawatazama wale akina mama juu ya matenga. Mmoja alikuwa na kichanga mgongoni. Nikachukua funguo.

Hospitali daktari akampima mapigo, akammulika mboni za macho, akamtembeza tena, akasema dawa zimemlewesha, hafai kuendesha. Mkojo ukachukuliwa upelekwe Dar, na majibu ya Dar wakati ule ulisubiri mpaka ukaisahau kesi. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa nilichokiona mimi na maneno ya daktari. Mzee akikana, wakili yeyote angenichanachana.

Siku ya kesi kwaya nzima ilijaa mahakamani. Skola alikaa mbele na hakunitazama hata kwa bahati mbaya. Nikajua mke sina tena.

Hakimu akasoma shtaka, akauliza kweli si kweli. Mzee akasimama.

"Mheshimiwa, pombe sijaonja, bangi siijui. Lakini lile daraja kabla ya Kitai, sikumbuki nimelipitaje. Na juu nilibeba watoto wa watu. Ni kweli."

Akatozwa faini, leseni ikafungiwa, msimu ule akabaki kupalilia kahawa.

Mshenga sikumtuma. Ningemtuma kwa uso gani? Akaniita mzee mwenyewe. Nikakuta ukoo mzima sebuleni. Naanza tu shikamoo, akanikatiza: "Fungua kinywa."

Nikafungua. Akaninusa. Akanitazama macho, la kulia, la kushoto. Akaniambia nisimame kwa mguu mmoja. Nikasimama, trafiki mzima, viatu vinang'aa!

"Mzima huyu," akawaambia. "Mpeni kiti."

Skola alicheka mpaka akakimbilia nje. Nikaoa.

Ikawa utani wetu miaka yote. Nikifika kwake, kabla ya salamu, kinywa wazi.

Mara ya mwisho nilimkuta hoi kitandani. Nilikuwa na mafua makali, nimemeza vidonge, na nilitaka kugeuza jioni hiyo hiyo kurudi Songea nilikohamishiwa. Akaninusa kwa shida.

"Umekunywa nini?"

"Dawa ya mafua tu, baba."

Akanyoosha mkono. Nikaweka funguo za gari kiganjani, akazisukuma chini ya mto wake. Tukakaa, tukazungumza Lituhi, mbasa wa wakati ule na ile barabara ya vumbi, mpaka akasinzia. Asubuhi akanirudishia funguo. Hatukuonana tena. Namkumbuka sana yule mzee.

Funzo, wakuu: kimashine cha siku hizi kinaona pombe. Piriton, dawa ya mafua, dawa ya usingizi, hakizioni. Muuza dawa akikwambia inaleta usingizi, mpe mwenzako usukani.

Mliokunywa klorokwini, na mliowahi kuishi Mbinga ile, mwageni yenu hapa. Nipo nasoma kutwa nzima. Leo sitoki: nina kikohozi, nimemeza dawa, na funguo ziko chini ya mto wa Skola.