Sentensi ya Kumi Inataka Shahidi

Kwanza tuelewane: mimi sina hasira. Wanaosema nina hasira wananiudhi, na nikiudhika nasema, na nikisema sauti inatoka. Ndivyo nilivyoumbwa, si hasira.

Mwenye matatizo ni mume wangu. Kazini kwake, chumba cha kufulia cha hoteli, wanamwita Bwana Taratibu, na hawakukosea. Miaka ishirini na miwili anapiga pasi shuka za wageni katikati ya mvuke, na sijamsikia hata siku moja akimpandishia mtu sauti. Mwaka huu kifua kikaanza kumbana. Ngazi za kwetu ni kumi na nne, naye anasimama mara tatu kuvuta pumzi. Daktari hakuzunguka. Alimwambia atoke kwenye mvuke haraka, la sivyo mapafu hayamfikishi mbali.

Nafasi ilikuwepo. Mzee wa kaunta ya kupokelea nguo alikuwa anastaafu, na kaunta haina mvuke, ina kiti na feni. Meneja akasema kiti ni cha mume wangu, ila wageni wanaongea Kiingereza, kwa hiyo alete cheti cha Kiingereza kabla ya Ijumaa kwisha. Asipoleta, anakaa mwingine na yeye anarudi kwenye pasi.

Basi akajiandikisha kwa mwalimu mmoja anayefundishia nyuma ya duka la madaftari. Mwalimu huyu alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, na mahakama haijamtoka mpaka leo. Anatoa maneno kumi ya Kiingereza, ya hisia. Kwa kila neno unaandika sentensi moja ya jambo lililotokea kweli maishani mwako, na aliyeliona anaweka saini chini yake. Huna shahidi, huna sentensi. Muuza viatu mmoja aliandika kwamba paka wake ana furaha, akaambiwa amlete paka. Akamleta. Paka akachovywa unyayo kwenye wino, akagonga muhuri, na muuza viatu ana cheti chake ukutani.

Mume wangu maneno tisa aliyamaliza vizuri tu. Njaa, aibu, usingizi, yote nilisomewa kwa Kiswahili nikasaini mimi. Likabaki la kumi, "furious". Mwalimu akaeleza kuwa hiyo si hasira ya kununa, ni ile ya kuona giza mchana. Jumatatu nzima mume wangu alikaa na daftari mapajani, mwisho akaniambia, kwa upole wake ule ule, kwamba amejipekua mpaka utotoni na hana hata moja.

Nikamwambia atunge, nitasaini. Akasema hawezi kunitia kwenye uongo. Jamani, mnaona mtu ninayeishi naye?

Nikaamua nimkasirishe mwenyewe. Jumanne asubuhi nilimtilia chumvi kwenye chai, vijiko vinne, si haba. Akanywa mpaka tone la mwisho, akasema koo lilikuwa linamwasha na sasa limetulia. Nikamwita kaka yangu aje achukue redio ya shemeji yake mchana kweupe, aondoke nayo bila kuaga. Mume wangu akainuka, akamfuata mbio hadi chini. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kumbe anampelekea waya.

Jumatano habari zilikuwa zimeenea, majirani wakaja kusaidia. Fundi cherehani wa chini alimshonea mguu mmoja wa suruali ya kazi, akauziba kabisa. Mume wangu akaivaa, akavaa kiatu juu ya kitambaa, jioni akampitia fundi kumshukuru kwa sababu mguu haukupata baridi. Mama wa ghorofa ya pili, mtu mwenye heshima zake, alisimama mlangoni kwetu na karatasi ya matusi, akautukana ukoo wa mume wangu nusu saa bila kumeza mate. Alipochoka, mume wangu akamletea kiti na maji, akamkumbusha kwamba amewasahau mashangazi.

Kufikia Alhamisi foleni ilikuwa imeshuka mpaka mtaani. Wengine wala hatuwajui, wamekuja na matusi yao kutoka mbali. Kila mmoja alipokelewa vizuri, na kila mmoja mume wangu alimsindikiza kwenye zile ngazi, anashuka, anapanda, anakohoa. Nilichukua ufagio nikawafukuza wote, na fundi cherehani nilimfukuza mara mbili.

Ijumaa nikaenda naye kwa mwalimu. Niliapa nitaongea kwa sauti ya chini. Nikaanza vizuri tu, shikamoo mwalimu, habari za nyumbani, mwangalie huyu mtu, msamehe neno moja. Mwalimu akasafisha miwani, akasema utaratibu ni utaratibu.

"Paka ana cheti," nikamwambia, "na mume wangu hana?"

Akanisahihisha kwamba mwenye cheti ni muuza viatu, paka ni shahidi tu. Hapo nikagonga meza, na meza ikavunjika mguu. Meza yenyewe ilikuwa imechoka siku nyingi, mimi niliikuta tu. Madaftari yakamwagika sakafuni, nami nikaendelea kusema, kuhusu mahakama, kuhusu miwani, kuhusu meneja na feni yake. Mume wangu alikuwa ameketi pembeni, anaandika. Nikamgeukia na yeye nikampa zake.

Akangoja nivute pumzi. "Mwalimu," akasema, "ulitaka jambo la kweli la maishani mwangu. Hukusema hasira iwe yangu."

Akampa daftari. Mwalimu akasoma, akavua miwani. Halafu akasema shahidi haruhusiwi kusaini asichokielewa, na mimi Kiingereza sikijui, kwa hiyo atanisomea kwa Kiswahili.

"Mke wangu ana hasira kali kwa sababu anaogopa nitakufa."

Nilitaka kukana. Miezi minane nimegombana na ngazi, na masufuria, na daktari, na kila aliyepita, na neno hilo sijalitamka hata nikiwa peke yangu bafuni. Nilidhani nimelificha vizuri. Yeye amelijua siku zote, anakunywa chai yake ya chumvi na kunyamaza.

Mwalimu akaniuliza kama ni kweli.

"Kama si kweli usisaini, mama," mume wangu akasema. "Nitarudi kwenye pasi, hakuna neno."

Nikamwambia anyamaze. Nikapiga magoti sakafuni, maana meza haikuwepo tena, nikaandika jina langu lote, na la baba yangu, na la babu yangu.