Mtungi wa Arobaini

Mama mkubwa Tusekile ananichosha. Nasema wazi, na mwenyewe anajua. Anafinyanga hapa ufukweni mwa ziwa, Matema, tangu mama yangu, mdogo wake, hajaolewa, na hajawahi kuuza chombo bila kukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri, kinakwenda sokoni. Kikitoa sauti nzito, anakipasua papo hapo, hata kama mteja amekwishakishika mkononi.

Mwaka huu, baada ya kipindupindu, shirika moja lilimwagiza mitungi arobaini yenye mdomo mwembamba, ili watu waweke maji yaliyotiwa dawa na watoto wasichovye mikono. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, kazi ya kuigawa ikawa yangu. Kwanza wageni walituweka kikao kutwa nzima kuhusu tabianchi, magonjwa na wajibu wa binadamu kwa mwenzake. Nilipiga makofi kuliko wote.

Siku ya kugawa, mama mkubwa alikuwa amekwisha kuvunja mitano kati ya arobaini na mitano aliyofinyanga. Ilibaki arobaini kamili, nikamshukuru Mungu, na mara bibi huyo akaanza kuigonga upya! Wa mwisho ukajibu vibaya.

"Huu hapana," alisema, akauweka pembeni.

"Mama mkubwa, ufa wenyewe hauonekani! Watu wamejipanga wanasubiri."

"Ukivuja, maji yanapungua. Yakipungua, mtu anaongezea ya ziwani. Hiyo dawa yako itasaidia nini?"

Jamani, mmoja kati ya arobaini! Alipokwenda kunawa udongo, akiniachia mimi niuvunje, niliurudisha kwenye fungu. Nikagawa, nikapigwa picha, nikalala usingizi mnono.

Siku ya tatu akaja kwangu asubuhi, amejitwika mtungi wa nyumbani kwake. Nilikuwa nimesahau kwamba vigae vya vyombo anavyovunja huvitwanga na kuvichanganya na udongo mpya. Alikuwa amekwenda kuvitwanga, akakuta vya mitano tu.

"Ule wa sita umempa nani?"

Sikujua. Basi tukazunguka nyumba kwa nyumba, yeye akigonga, mimi nyuma nimebeba mtungi wake wa kubadilishia, jua linanichoma utosi, nimenuna. Kila nyumba anasalimia kwa kirefu, anaulizia wagonjwa, ndipo anagonga. Nilitamani kulia kwa hasira. Saa tisa tulikuwa kwenye nyumba ya thelathini na moja, kwa Winnie, jirani niliyesoma naye.

"Ndaga fijo, Nancy!" Winnie alinishukuru, akanipokea kwa mikono miwili. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa kizingitini na kikombe chake. "Mtungi wangu unapoza maji kuliko ya wenzangu wote. Yanapungua kidogo tu, basi naongezea."

Chini ya mtungi ardhi ilikuwa imelowa. Kando yake palikuwa na ndoo ya maji ya ziwani.

Safari hii mama mkubwa hakugonga. Alinigeukia.

"Mwambie."

"Wewe ndiye fundi, mama mkubwa, wewe ndiye..."

"Mimi niliukataa. Mwambie."

Nikamwambia Winnie kwamba mtungi una ufa, na kwamba tangu siku ya kugawa nilijua kuna mmoja mbovu. Nilitaka aniseme, anitukane. Yeye aligeuka akampokonya mwanawe kikombe.