Fundi wa Nyavu na Meno ya Stempu

Placide Mutambo wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, aliweza kufuma wavu wa ndagala, wale dagaa wadogo, huku akipiga soga na watu watatu, lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa wavu. Zilikuwa stempu, ambazo kwao huitwa tembre. Mambo yalianza mwaka 1953, baada ya kutoka stempu zenye picha za maua, na tangu hapo hakuna bahasha iliyopita Baraka bila yeye kuinyooshea shingo. Kipya kinyemi, watu walisema wakicheka, atachoka tu. Wapi! Hakuchoka.

Siku moja aliweka stempu mbili za ua lile lile kando kwa kando, akaona meno ya moja yamebanana kuliko ya mwenzake. Nani mwingine angeliona hilo, kama si mtu anayeshinda akipima macho ya nyavu? Akachonga kijiti cha tete, akakitia alama kwa kisu, akaanza kupima meno. Kila ua alilipata la meno ya kuachana na la meno ya kubanana, isipokuwa ua moja jekundu. Hilo la meno ya kubanana lilimkimbia miaka miwili.

Desturi yake ilikuwa moja. Bahasha, au ambulopo kama wasemavyo kwao, huingia kwenye beseni la maji, stempu ikiachia anaianika juu ya kitambaa, na karatasi inakwenda jikoni kuwasha moto. Hata mkewe Dorothée alipolazwa hospitali kule Uvira, bahasha zake hazikusalimika. Naye alimjua mumewe. Katika barua moja aliandika: "Mi najua, we utasoma tembre mbele ya kusoma barua." Placide alicheka mpaka machozi, kisha akailoweka bahasha. Dorothée hakutoka hospitali ile akiwa hai.

Basi, siku moja ya soko, Mama Bazubagira alishuka kutoka milimani kwa wafugaji, akauza siagi yake. Alipofungua fundo la kitambaa atoe tumbaku, bahasha ikachungulia. Placide akaona wekundu. Mtu mzima na mvi zake, moyo ukamwenda mbio kama wa kijana anayeposa.

"Mama, naomba niangalie ile tembre."

"Angalia na macho. Ni ya mutoto wangu Semutobo. Aliituma toka Albertville mbele ya kufa."

Placide alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, lakini kijiti kilikuwa kimeshafika mkononi. Ndivyo alivyokuwa. Stempu ikiwa ingali imebandikwa, meno yake hujificha, weupe juu ya weupe. Akaiinamisha bahasha mpaka jua likaipiga ubavuni na kila jino likatoa kivuli chake kidogo. Akasogeza kijiti. Alama ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa, hivyo hivyo hadi pembeni. Ni yenyewe!

"Mama, unipe hii tembre. Nitailoweka kidogo tu, ambulopo nitakurudishia. Nitakupa ndagala, nitakupa na chumvi."

Mama Bazubagira akaichukua bahasha yake, bila ukali wowote.

"Hapana, baba. Hii, mutoto wangu aliilamba na ulimi yake. Mate yake iko pale chini. Ukitia mayi, atatoka."

Placide akarudisha kijiti mfukoni. Akanunua siagi asiyoihitaji, akaenda zake nyumbani.

Jua lilikuwa bado kali alipofungua kopo lake la stempu. Akachagua zile zenye muhuri wa Uvira, alizojua kwa hakika ni za Dorothée. Safari hii hakutafuta kijiti. Akazigeuza moja moja, akapitisha kidole mgongoni mwa kila stempu polepole, akitafuta pa kunata. Kidole kiliteleza tu. Alikuwa ameziosha vizuri.