Chungu cha Masera Gahongayire

Mara ya kwanza Masera Gahongayire kuingia dukani kwangu Biryogo, hapa Kigali, ilikuwa Septemba 1992. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, anataka kitambaa cha sare. Nikamtajia bei. Akacheka.

"Bwana Sudi, hiyo ni bei ya mkuu aliyenitangulia. Yeye alikuwa na gari."

Nikapunguza. Watawa wote huku tunawaita Masera, na wengi wao ukiwatajia bei wanafungua mkoba. Huyu alizaliwa kwa wakulima wa mtama, binti wa saba, akafundisha hesabu milimani miaka kumi na minne kabla hawajamleta Kigali kuongoza shule ya wasichana. Mimi nilianza kwa kuuza viberiti kituo cha basi. Tulielewana upesi.

Shule yake haikuwa na bweni. Wasichana wa mbali walilala kwa wazazi wa wenzao waliokaa jirani na shule. Halikuwa jambo la kulipana: mama wa mlimani analeta gunia la maharage msimu wa mavuno, mama wa mjini anatoa mkeka na sahani. Mpango huo ulikuwa wa zamani kuliko majengo yenyewe, na Masera aliupenda kuliko kitu chochote pale. "Kuimba wanaimba vizuri Jumapili," aliniambia. "Mimi naangalia Jumatatu nani katandika mkeka wa mtoto wa mwenzake."

Februari 1993 vita vya Inkotanyi, waasi ambao wengi wao ni Watutsi, vikasogea kutoka kaskazini, na vizuizi vikajaa barabarani. Nyumbakumi, yaani msimamizi wa kila nyumba kumi, akaanza kupita kila jioni: nani analala hapa, leteni vitambulisho. Na kwenye kitambulisho kabila limeandikwa. Wasichana waliolala kwa watu walikuwa tisa, na wote tisa Watutsi. Mwenye nyumba asiye Mtutsi akikutwa na mtoto wa hivyo, alishaanza kuitwa msaidizi wa adui.

Basi akina mama wakawa wanakuja ofisini kwa Masera mmoja mmoja. Mkeka umechakaa. Wifi anakuja kujifungua. Paa linavuja upande ule ule anaolala mtoto. Masera akaona akiwajibu mmoja mmoja atashindwa. Akaamua kuwaita wote baada ya misa, Jumapili moja ya Machi, wanywe pamoja kwenye chungu kimoja. Watu waliokunywa kwa mirija kutoka chungu kimoja huoneana haya kunyimana. Hilo alilijua tangu utotoni, na kweli lilikuwa hivyo.

Alikuja kuniomba viti. Nikamuuliza kinywaji ni nini.

"Pombe ya mtama. Nimeagiza kwa mama mmoja wa Rebero."

"Masera, mwaka huu hakuna atakayetia mrija mle."

"Nitaonja mimi kwanza, mbele yao." Ndiyo desturi: anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hakina sumu.

"Wewe hawakuogopi," nikasema. "Wanaogopana. Wa pili akishainama, wa tatu atajuaje hakutia kitu? Mimi nakushauri soda. Chupa imefungwa, mtu anafunguliwa mbele ya macho yake, anakunywa yake, anakwenda nyumbani mzima. Nina kreti nne."

"Wewe unauza tu."

"Nauza, ndiyo. Lakini je, nimekosea?"

Akafikiri kidogo. "Waletee wasichana, basi. Wazazi watakunywa chungu."

Siku hiyo nilifika na kreti zangu na kifungulio kimefungwa kamba kiunoni. Wazazi walikaa kwenye benchi uani, safi, wametoka kanisani, wamebana mikoba. Chungu kilikuwa katikati, mirija imesimama ndani yake kama nywele. Masera akasema maneno machache kuhusu wale tisa, akainama, akavuta funda refu, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Karibuni. Évode, wewe mwenyekiti, anza."

Évode alikuwa mwenyekiti wa wazazi, karani wa ofisi ya komuni, serikali ya mtaa wetu, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Akakitazama chungu. Akanitazama mimi. Akaangalia chini ya kivuli ambako wasichana walikuwa wakipokea soda.

"Masera, unisamehe, tumbo langu wiki hii ni bovu. Bwana Sudi, hebu nipe kachupa kamoja."

Nikamfungulia. Kizibo kikaruka. Hapo nikajua.

Kama soda zisingekuwepo, angelazimika kuchagua kati ya mrija na aibu. Mimi nilimletea mlango wa tatu. Aliyekaa kando yake naye akaugua tumbo. Mwingine dawa za malaria. Mwingine nadhiri ya Kwaresima, na soda ya chungwa mkononi! Mama Nyiransabimana, aliyelaza mtoto mmoja wa wale tisa tangu kidato cha kwanza, alisimama mbele ya chungu muda, ameshika mrija. Nyuma yake mtu akasema, "Kunywa basi, mama wa Inkotanyi!" Wakacheka. Akauachia mrija.

"Masera, mimi sina ubaya na Gwiza," akasema. "Anajua kufua, ana adabu. Lakini nyumbakumi iko inakuja kila siku. Mimi iko na watoto wangu."

Kreti nne ziliisha. Chungu kilibaki kimejaa, na nzi.

Wiki hiyo wote tisa wakatolewa majumbani, Masera akawalaza darasani. Siku ya kumi na mbili ikaja amri ya kuwatoa: shule ya kutwa haina ruhusa ya kulaza mtu. Mwandiko wa barua nadhani ulikuwa wa Évode. Wanane wakapelekwa nyumbani kwao milimani. Wa Gwiza ulikuwa mlima ambako vita vimeshafika, hakuwa na nyumbani pa kurudi.

Masera akarudisha kreti zangu mwenyewe, juu ya toroli. Akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Bwana Sudi, wewe kabila lako kwenye kitambulisho halina tatizo. Mke wako mtu mwema. Mchukue Gwiza."

Nilimwelewa. Chumba cha vyerehani kilikuwa na nafasi ya mkeka. Lakini mdomo wangu una mazoea yake ya miaka thelathini.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

Akazungusha gurudumu la toroli kwa kidole.

"Yaani, wiki mbili? Mpaka Pasaka? Maana nyumbakumi wetu naye..."

Akasimama. "Basi," akasema, bila hasira, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu akaona alichonacho mkononi hakitoshi. Akachukua toroli lake.

Kesho yake nilikwenda shuleni kusema nitamchukua, mpaka atakapomaliza masomo. Gwiza alikuwa ameondoka alfajiri, anatafuta shangazi upande wa Bugesera. Anwani ya shangazi haikuwepo.

Sasa ni Januari 1994. Masera bado ni mkuu pale, bado anapunguzisha bei ya kitambaa, ila sare anazoagiza zinapungua kila muhula. Chungu kimepinduliwa nyuma ya jiko la shule. Juzi nilimuuliza kama atawaita tena wazazi mwaka huu.

"Nikiwaita," akasema, "utaleta soda?"

Nikamwambia sitaleta. Akapima kitambaa kwa mkono, akasema mita ishirini zinatosha.