Dumu la Mabibo Nyuma ya Kiti

Nilijaza juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, kwenye dumu la lita tano, nikakaza kifuniko mpaka viganja vikawaka moto, nikakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kisije kikalegea, halafu nikalificha dumu nyuma ya kiti cha ndege. Hayo ndiyo makosa yangu. Mengine yote yaliyotokea siku ile yalifanywa na fizikia, somo ambalo mwalimu wangu wa kidato cha tatu anaapa sijawahi kulielewa, na sasa ana ushahidi.

Ndege haikuwa yetu. Sisi ni watu wa Chuno, hapa Mtwara mjini, mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na chombo pekee cha usafiri tunachomiliki ni baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Ndege ni ya mzee mmoja, mhandisi mstaafu wa bandari, mwenye shamba la mikorosho upande wa Nanyamba. Ina viti vinne na panga boi moja puani, na ukiiona kwa mbali imeegeshwa uwanjani utadhani ndege kubwa ya abiria imezaa. Mzee aliirusha mwenyewe miaka na miaka, mpaka daktari alipompima macho akamwambia sasa inatosha, pumzika. Lakini ndege haipumziki. Ukiiacha imekaa tu, injini inaota kutu na nyigu wanahamia. Akawa anatafuta mtu wa kumrushia.

Mtu huyo ni Mjomba, mdogo wa mwisho wa Mama. Siku za kazi ni karani bandarini, siku nyingine ni rubani, na siku zote ni bachela anayekula kwetu. Leseni anayo, ila ni ile ya kurusha kwa ajili ya nafsi yako. Anachotaka ni ile ya kulipwa, awe rubani kweli, na ili uipate lazima uwe na saa nyingi za kuruka. Saa hizo hazipatikani kwa kukaa juu ya paa. Basi Mama, anayesali kanisa moja na mzee, akaenda kumwombea mdogo wake. Mzee akakubali kwa sharti moja, na alilisema mbele yetu sote sebuleni kwetu, chai ikiwa mkononi.

“Ndani ya ndege yangu pombe haiingii. Si mdomoni, si mfukoni, si kwenye jasho. Siku nitakayosikia harufu yake, nitaomba ufunguo wangu.”

Mama akaapa kwa niaba ya mdogo wake, maana katika ukoo wetu hakuna anayejua hata bia ina rangi gani. Kwa hiyo kazi ya maisha ya Mjomba ikawa inaning'inia kwenye pua ya mzee. Na mimi nilikuwepo, nikila maandazi. Msinitetee baadaye mkasema mtoto hakujua.

Wanaofikiri kurusha ndege ndogo ni kuvaa miwani ya jua na kupunga mkono, waje wamtazame Mjomba Jumamosi asubuhi. Anachungulia tenki la kila bawa. Anakinga mafuta kidogo kwenye kichupa, anakiinua juani kuona kama yameingia maji. Anapapasa panga boi kwa kidole akitafuta pengo. Anachungulia kitundu cha kupimia mwendo, kwa sababu nyigu wa Mtwara wanakipenda kile kitundu kuliko nyumba zote za mjini. Kisha anasoma karatasi ya ukaguzi kwa sauti, mstari kwa mstari, ingawa anaijua kuliko anavyoijua Baba Yetu. Siku moja nilimshauri aruke mstari mmoja tuwahi, akaniangalia kama mtu aliyepiga chafya katikati ya maombi.

Halafu kuna uzito. Basi unaweza kulipakia mpaka milango ikagoma kufunga. Ndege ndogo haina utani huo. Mjomba anakupima wewe, viatu vyako na mfuko wako, anapiga hesabu, anaamua nani akae wapi. Hakuna kitu kinachoingia bila yeye kukiona. Hata chapati za Mama alizipima, Mama akanuna wiki nzima.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya msimu wa korosho. Tulikuwa tunapeleka shambani sindano na nyuzi za kushonea magunia, mimi nikiwa mpakuaji, cheo nilichojipa. Jioni ya siku hiyo mzee alikuwa aamue jambo kubwa: kama Mjomba ataruhusiwa kuipeleka ndege Dar es Salaam peke yake ikafanyiwe matengenezo. Safari moja ya namna hiyo ni saa nyingi kwa mpigo. Mjomba hakulala vizuri. Alinyoa ndevu mara mbili na kuvaa shati jeupe lenye pasi kali kama kisu.

Kupaa ndiyo sehemu ninayoipenda. Ndege inatetemeka na kulalamika kwenye lami kama ng'ombe mzee, unajiuliza hii kweli itaweza, halafu kelele za magurudumu zinakatika ghafla. Tumbo linabaki chini kidogo, kisha linakimbia kukufuata. Bandari inakuwa ndogo. Shule inakuwa ndogo. Mwalimu wa nidhamu, popote alipo, anakuwa mdogo kuliko wote.

Kule shambani uwanja ni wa nyasi, na una mbuzi. Inabidi upite chini mara moja kuwatisha, uzunguke, urudi. Mbuzi wa Nanyamba hawatishiki haraka. Mmoja alituangalia tunavyopita juu ya pembe zake akaendelea kutafuna. Tulipotua, Mjomba alisema mbuzi yule angefaa kuwa rubani kwa jinsi alivyo mtulivu.

Wakati wa kurudi alinipima tena, safari hii kwenye mizani ya korosho. Mama mmoja wa pale shambani, aliyekuwa akipima magunia, alisoma kipimo akatikisa kichwa.

“Huyu daraja la pili,” alisema. “Hajakauka vizuri.”

Wenzake walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Nilimpenda papo hapo. Mjomba alipoenda kukagua mabawa, nilijisogeza kwenye pipa walipokuwa wakikamulia mabibo. Nyumbani kwetu mabibo hayaingii, Mama anachukia doa lake, lile ambalo sabuni yoyote inalisalimu tu na kuliacha. Yule mama akaniuliza nataka ya leo au ya jana. Nikaonja zote. Ya leo ilikuwa tamu. Ya jana ilikuwa tamu na inatekenya ulimi. Nikachukua ya jana, vikombe viwili tumboni na lita tano kwenye dumu, nikawapelekee jamaa zangu wa darasani ambao hawajawahi kupanda hata ngazi ndefu.

Ningekuwa nimezaliwa kwa majirani zetu Wamakonde ningejua. Mtoto wao wa miaka sita angekwambia kwamba juisi ya jana inayotekenya ulimi ina jina jingine, inaitwa uraka, yaani pombe, na kwamba uraka huwa haufungwi kifuniko ukakazwa. Unaachiwa upumue. Sisi wa kuja tuliletwa huku na ajira ya serikali, na ajira haikutufundisha hilo. Dumu likakaa ndani ya ndege, chini ya turubai, juani, wakati Mjomba anasoma mistari yake kwa sauti.

Tulipopaa aliniambia ananipa zawadi: badala ya kurudi moja kwa moja, tungeufuata Ruvuma mpaka unapoingia baharini. Mto ulikuwa umekonda, umejigawa vichirizi katikati ya mchanga, na viboko walionekana kama maharage yaliyomwagika. Simu yangu ikatetemeka, mtandao wa Msumbiji ukinikaribisha ugenini. Nilimwonyesha Mjomba, akasema tuko upande wetu, na hao wakarimu wasimharibie leseni. Lakini jua lilishakuwa kali, na hewa ya moto kutoka kwenye mchanga ilikuwa ikiturusha kama karanga kwenye ungo. Mjomba akapandisha ndege juu zaidi kutafuta hewa tulivu. Tukaipata. Chini, maji ya mto ya rangi ya chai yalikuwa yanaingia kwenye bahari ya buluu bila kuchanganyika, na mikoko imesimama pembeni kama wapambe. Nilinyamaza kabisa. Mjomba anasema hiyo ndiyo mara pekee.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kadiri unavyopanda, ndivyo hewa ya nje inavyopungua kusukuma, na kilichofungiwa kinazidi kutafuta njia. Nyuma yangu kitu kilianza kuguna. Nikadhani ni dhamiri.

Kikapasuka.

Sijui niwaelezeje mlio wa dumu ndani ya chumba kidogo kama kile. Kifuniko kiligonga dari. Juisi ikafuata, povu la manjano, kila mahali: kichwani kwangu, kwenye kioo cha mbele, kwenye saa zote zinazoonyesha kama bado tupo hai, na usoni mwa Mjomba. Ndege ikayumba mara moja tu. Kisha ikatulia, kwa sababu mikono ya Mjomba ilitulia, ingawa macho alikuwa ameyafumba.

“Nifute macho,” alisema. “Usiseme kitu. Futa.”

Nikavua shati nikamfuta. Nikafuta kioo. Nikafuta saa moja moja alivyoniamuru, ya mwendo kwanza, kisha ya urefu. Hakupaza sauti. Alisikiliza injini kwa muda mrefu, akajaribu usukani kushoto na kulia, mkia ukatii. Ndipo akavuta pumzi ndefu ya pua, na nikaona uso wake unavyobadilika. Harufu ilikuwa imemfikia. Hakuniuliza ni nini. Aliuliza tu kama najua nani anatusubiri uwanjani.

Nilijua. Mzee alikuwa pale, na Mama alikuwa amekuja naye, amebeba hotipoti.

Njia nzima nilitunga uongo. Nina kipaji hicho, shule nzima inajua. Mjomba alitua vizuri kuliko siku zote nilizowahi kupanda naye, magurudumu yakagusa lami kama mtu anayeweka kikombe kwenye sahani, na hakuna aliyemsifu, kwa sababu alipofungua mlango harufu ilishuka kabla yetu. Shati lake jeupe lilikuwa na doa kutoka kola mpaka mkanda. Mimi nilikuwa kifua wazi. Mzee alivuta hewa, akasimama palepale alipo. Kisha akanyoosha kiganja. Anaomba ufunguo.

Mjomba akautoa.

Hapo uongo wangu wote ukanikimbia, nikasema ukweli: dumu, mpira wa baiskeli, turubai, Ruvuma, yote. Mzee akanitazama kwa huruma. Alisema ni vizuri kijana kumpenda mjomba wake, lakini asimtungie hadithi. Ndiyo faida ya kuwa mchekeshaji. Siku moja unasema kweli na watu wanasubiri mwisho wake wacheke.

Mama alimkabidhi mzee hotipoti, akamsogelea mdogo wake. Amefundisha miaka mingi wavulana wanaorudi darasani baada ya mapumziko wananuka sigara. Akamshika kidevu, mtu mzima mbele za watu.

“Pumua.”

Mjomba akapumua. Mama akasema chai ya maziwa na muhogo wa kuchemsha, basi. Kisha akanigeukia mimi. Nilijaribu kupumua kwa ndani. Haikusaidia.

“Mzee,” alisema Mama, “mlevi wako ni huyu hapa.”

Mzee naye akaja kuninusa, akaenda kumnusa Mjomba, akarudi kwangu kuhakikisha. Alichungulia ndani ya ndege, akatoka na kifuniko chenye mpira wa baiskeli. Nadhani alitaka kucheka, ila alikuwa bado hajamaliza. Akamwambia Mama kwamba aliapa sebuleni, na leo amemtetea tena, lakini hajawahi hata siku moja kukaa kwenye kiti cha chombo hiki. Ufunguo alikuwa bado ameushika.

“Kama unamwamini, Mwalimu, tupande wote. Mzunguko mmoja tu juu ya mji.”

Sasa Mama alishasema atapanda ile ndege siku atakayomwona konda mlangoni. Aliangalia bawa. Aliangalia ule mlango mdogo. Aliangalia shati la Mjomba. Mzee akamrudishia Mjomba ufunguo, tukafuta viti kwa turubai, Mjomba akaanza ukaguzi upya, mstari kwa mstari, na Mama akamsikiliza mpaka mwisho kama anasahihisha mtihani. Kisha akapanda. Mzee mbele, sisi nyuma, viti vimelowa. Tulipoanza kukimbia kwenye lami Mama akalikamata sikio langu, si kwa adhabu, ila lilikuwa kitu cha karibu kushika. Hakuliachia mpaka tulipokuwa juu ya bandari. Hapo akainamia kioo, akawa anatazama chini, anatazama. Mjomba akageuza taratibu juu ya Chuno, akarudi, akatua. Safari hii Mzee hakunyoosha kiganja.

Mama alishuka, akanyoosha sketi yake yenye doa jipya, akamshika Mjomba bega. Halafu akasema hivi, na sijapunguza wala kuongeza:

“Umeendesha vizuri, mdogo wangu. Ukirudi kutoka Dar unipeleke na mimi nikauone huo mto. Na wewe, nimeiona nyumba yetu kutoka juu. Zile shuka nilizokuambia ufue kabla hujaondoka, mbona kamba iko tupu?”